Ukipata Kazi, Tunakukata

Oktoba 1988, nje ya jengo la serikali kuu huko Los Angeles, mwanahistoria mmoja alichukua kitabu alichoandika mwenyewe, akakiweka juu ya jiko la kuchomea nyama, akakitia moto. Karibu naye walisimama na kuketi watu kama arobaini, wenye ulemavu na marafiki zao, wakiwa na mabango. Hakuwa na ugomvi na mchapishaji. Wala hakuwa amebadilisha mawazo kuhusu alichoandika. Kitabu kilikuwa kimetoka mwaka huo huo, kinaeleza jinsi George Washington alivyojijengea jina mbele ya wananchi wake, na kilimla miaka kumi ya kazi.

Jina lake Paul Longmore. Alikichoma kwa sababu kitabu kikinunuliwa angelipwa, na akilipwa angeweza kupoteza msaada uliogharamia mashine yake ya kupumulia.

Ukisoma hapo haraka unaweza kudhani kuna kitu kimerukwa. Hakuna kilichorukwa. Hivyo ndivyo sheria ilivyokuwa, na kwa sehemu kubwa hivyo ndivyo ilivyo hadi leo, katika nchi tajiri ambayo wengi wetu hupenda kuitolea mfano kila tunapoilalamikia serikali yetu. Ili kuelewa ni vipi taifa lilifika mahali ambapo mtu anaogopa kuuza kitabu chake, inabidi turudi nyuma kidogo.

Longmore alizaliwa 1946. Alipokuwa na miaka saba alishikwa na polio. Ugonjwa ulipoondoka ulimwacha na mgongo uliopinda na mikono isiyoweza kufanya kazi. Aliandika kwa kushika kalamu mdomoni na kugonga vibonye vya kinanda cha kompyuta, herufi moja baada ya nyingine. Usiku na sehemu kubwa ya mchana alitegemea mashine kupumua. Alihitaji wahudumu wa kumvisha, kumwosha, kumsaidia kula. Hata hivyo alisoma hadi akapata shahada ya uzamifu mwaka 1984.

Sasa piga hesabu. Mashine na wahudumu ni gharama ambayo mshahara wa mwalimu chipukizi wa chuo hauwezi kuibeba, na bima za kibinafsi hazikuwa na haja na mtu kama yeye. Zilizobaki ni programu za serikali. Lakini programu hizo zilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia: uthibitishe kwamba huwezi kufanya kazi. Ukishaingia, kila dalili kwamba unaweza kufanya kazi inakuwa ushahidi dhidi yako. Mrabaha wa kitabu ni dalili. Ufadhili wa utafiti ni dalili. Darasa moja la kufundisha kwa wiki ni dalili. Kwa hivyo mtu mwenye digrii tatu alikuwa anashauriwa na mfumo wenyewe akae nyumbani atulie.

Maskini wa aina mbili

Wazo hili halikuzaliwa Marekani. Uingereza, tangu Sheria ya Maskini ya 1601, ilikuwa imewagawa maskini mafungu. Kulikuwa na wasiojiweza: wazee, vipofu, viwete, wagonjwa. Na kulikuwa na wenye nguvu zao wasio na kazi. Fungu la kwanza lilistahili huruma, la pili lilistahili kusukumwa. Mwaka 1834 sheria ilikazwa zaidi: mwenye nguvu akitaka msaada aingie kwenye nyumba ya kazi, mahali palipofanywa pawe pabaya makusudi ili hakuna atakayepapenda kuliko kibarua cha mshahara duni.

Mgawanyo huo ukishauweka, unahitaji mtu wa kusimama mpakani kuamua nani ni nani. Mwanasayansi wa siasa Deborah Stone aliandika kitabu kizima kuhusu mpaka huu, kilichotoka 1984 kwa jina The Disabled State. Hoja yake, kwa ufupi wangu: jamii inayotaka kila mtu ale kwa jasho lake inahitaji kundi dogo la watu walioruhusiwa wasitoe jasho, na "ulemavu" ndilo jina la ruhusa hiyo. Yaani neno lenyewe, kisheria, halielezi mwili wako. Linaeleza kwamba umesamehewa kazi. Ndiyo maana ukionekana kazini ruhusa inafutwa.

Wakoloni walipokuja Kenya walileta nusu moja tu ya wazo hilo. Nyumba za msaada hawakuleta. Walileta sheria za uzururaji, ambazo tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zilimruhusu afisa kumkamata mtu kwa kuonekana tu hana kazi wala makao. Adhabu ya "mwenye nguvu mvivu" ilivuka bahari, huruma kwa "asiyejiweza" ikaachiwa wamisheni na ukoo. Sheria ya Uzururaji ilikaa kwenye vitabu vyetu hadi 1997. Ukijiuliza kwa nini kanjo humwangalia ombaomba mwenye ulemavu kama uchafu wa mji kabla hajamwona kama raia, anza kutafuta hapo.

Mguu wa askari

Marekani ilikuwa na njia nyingine, na iliijua vizuri. Wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1862, Bunge la Congress lilipitisha sheria ya pensheni kwa askari walioumia. Askari wa cheo cha chini aliyehesabiwa kuwa na ulemavu kamili alipata dola 8 kwa mwezi. Kipimo kilikuwa kazi ya mikono: daktari anauangalia mwili na kuuliza umepoteza kiasi gani cha uwezo wa kulima, kubeba, kuchimba.

Angalia kilichofuata. Kwa kuwa kilichopimwa kilikuwa kidonda na si mfuko, askari aliyekatwa mguu aliweza kuwa karani, mwanasheria au mwenye duka na bado akapokea pensheni yake kila mwezi. Hakuna aliyekuja kumwambia, "Wee, tumekuona dukani." Pesa zile zilikuwa fidia ya mguu. Mguu haukuota tena eti kwa sababu duka limefanya vizuri. Hadi leo fidia ya kawaida ya ulemavu kwa maveterani wa Marekani hufuata kanuni hiyo hiyo: mtu anaweza kuwa na kazi na akalipwa.

Lakini pensheni zile zilivimba. Sheria ya 1890 ilifungua mlango hata kwa ulemavu usiotokana na vita, ilimradi mtu alikuwa ametumikia jeshi, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa sana ya mapato ya serikali kuu ilikuwa inaenda kwa pensheni. Wanasiasa waligawa kama peremende za kampeni, magazeti yakajaa hadithi za walaghai. Wasomi waliokuja baadaye kupanga hifadhi ya jamii walikuwa wamelelewa na hadithi hizo. Walichojifunza ni woga: ukiwalipa raia kwa sababu ya miili yao, watakudanganya.

Sheria ya rais asiyetembea

Franklin Roosevelt alipooza miguu mwaka 1921. Mwaka 1935, akiwa rais, ndiye aliyetia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii, msingi wa pensheni za Marekani hadi leo. Kulikuwa na fungu la wazee, la wasio na ajira, la watoto, na msaada kwa vipofu maskini. Bima ya ulemavu kwa wafanyakazi haikuwemo.

Sababu moja ilikuwa kwamba makampuni ya bima yalikuwa yamechomeka vibaya na sera za ulemavu wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi zilipokauka, watu wengi waliokuwa wakijikokota kazini na maumivu yao waligeuka kuwa wadai. Hii inafundisha kitu ambacho sheria haikutaka kukisikia: ulemavu na ajira havitenganiki. Mtu mwenye mgongo mbovu ni mfanyakazi wakati kazi zipo, na ni "asiyejiweza" zikiisha. Mgongo ni ule ule.

Ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Chama cha madaktari kilipinga, wafanyabiashara walipinga. Mwaka 1956 pendekezo la bima ya ulemavu lilipenya kwenye Seneti kwa kura 47 dhidi ya 45, na Rais Eisenhower akaweka saini tarehe 1 Agosti. Kwa kuwa ushindi ulikuwa mwembamba, masharti yalikuwa mazito. Walipe watu wa miaka 50 hadi 64 pekee. Wasubiri miezi sita. Na zaidi ya yote, mwombaji awe hawezi kufanya "kazi yoyote ya maana inayoleta kipato". Kama wewe ulikuwa fundi wa paa na sasa unaweza kukaa mahali ukapanga karatasi, pole.

Maneno hayo machache ndiyo yaliyomfikisha Longmore kwenye jiko la nyama. Sheria haikuuliza ulemavu unakugharimu nini. Iliuliza kama unaweza kuzalisha. Ikajenga ukuta, na mtu yuko upande huu au ule.

Wenyewe waliligundua tatizo haraka. Mwaka 1960 waliondoa sharti la miaka 50, na wakaongeza kipindi cha majaribio: miezi tisa ambayo mtu anaweza kujaribu kazi bila kupoteza malipo. Ni kama mtu aliyejenga nyumba bila mlango kisha akatoboa dirisha.

Robo tatu ndani, robo nje

Mwaka 1972 Rais Nixon alitia saini programu ya pili, SSI, kwa maskini wazee, wasioona na wenye ulemavu, hata kama hawakuwahi kuchangia bima. Malipo yalianza Januari 1974, dola 140 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Humu waliweka kanuni iliyoonekana ya busara. Dola 20 za kwanza za kipato chochote haziguswi. Ukifanya kazi, dola 65 zaidi haziguswi. Zinazobaki, kwa kila dola mbili ulizotafuta, unakatwa moja.

Tufanye hesabu na viwango vya 2025, ambapo malipo kamili ya SSI yalikuwa dola 967. Mtu anapata kibarua cha nusu siku kinachomlipa dola 585 kwa mwezi. Toa 85, zinabaki 500. Gawa kwa mbili, 250. Msaada unashuka hadi 717. Jumla mfukoni: 1,302. Si mbaya, sivyo? Kufanya kazi kunalipa.

Ila zile dola 20 na 65 ni zile zile za 1974. Hazijasogezwa hata senti, ilhali mkate na kodi ya nyumba vimepanda ngazi nusu karne. Na kuna kikomo cha akiba: mtu mmoja hatakiwi kuwa na zaidi ya dola 2,000 benki, kiwango kilichowekwa 1989. Ukiweka pesa za dharura kwa nidhamu kama tunavyofundishwa kwenye kila video ya ushauri wa fedha, mwezi utakaovuka 2,000 unajitoa mwenyewe. Mwaka 2014 sheria iliruhusu akaunti maalum za akiba kwa baadhi yao, waliopata ulemavu wakiwa vijana. Dirisha lingine.

Halafu kanuni ile ya nusu kwa nusu ilihusu kipato cha kazi peke yake. Kipato kingine, kama zawadi au faida, baada ya zile 20 kinakatwa dola kwa dola. Na nyuma ya pesa taslimu kulikuwa na kitu kikubwa zaidi: Medicaid, matibabu ya bure, na huko California, wahudumu wa nyumbani. Ukitolewa SSI, hivi navyo viliweza kwenda. Kwa mtu wa mashine ya kupumulia, malipo ya kila mwezi ni vijisenti ukilinganisha na hayo.

Mwaka 1978, mwanamke mmoja wa California mwenye ugonjwa wa misuli, aliyekuwa akifanya kazi ya kupokea na kuelekeza simu akiwa nyumbani kwake, aliambiwa na maafisa kwamba kwa miaka aliyofanya kazi hiyo hakustahili msaada. Alitakiwa kurudisha maelfu ya dola, na msaada uliomwezesha kuishi nje ya taasisi ungekatwa. Alijiua. Kisa chake kilitikisa watu wa Los Angeles, kikafika Washington, na Longmore mwenyewe alikiandika baadaye kama sehemu ya historia ya vuguvugu lao. Hakuwa mlaghai aliyejificha. Alikuwa anafanya kazi, jambo ambalo kila mwanasiasa husema anataka maskini walifanye.

Mwaka 1980 Congress ilibadilisha sheria. Kipengele kinachoitwa 1619 kiliruhusu watu wa SSI wafanye kazi, wapunguziwe pesa polepole, na wabaki na Medicaid hata pesa zikifika sifuri. Kilikuwa cha majaribio. Kilifanywa cha kudumu 1986.

Lakini sheria hiyo hiyo ya 1980 ilikuwa na ncha ya pili. Iliamuru wapokeaji wakaguliwe upya mara kwa mara, na serikali ya Reagan ilipoingia 1981 iliukimbiza ukaguzi huo kwa kasi. Hadi 1984 karibu watu 490,000 walikuwa wameambiwa hawastahili tena. Zaidi ya 200,000 walirudishwa baada ya kukata rufaa. Yaani mkono mmoja ulikuwa unasema jaribuni kazi, msiogope, na mwingine unapekua mafaili kutafuta nani anaonekana mzima. Wewe ungejaribu?

Kwa nini kitabu

Hapa ndipo tunarudi kwa Longmore, na sasa tunaweza kuona shida yake ilikuwa wapi hasa. Kipengele cha 1619 kilikuwepo tayari alipowasha moto. Kwa nini hakikumlinda?

Kwa sababu kililinda kipato cha kazi. Na kwa macho ya Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, mrabaha wa kitabu haukuwa kipato cha kazi. Uliwekwa kapu moja na riba na kodi ya ploti, pesa zinazomjia mtu akiwa amelala. Miaka kumi ya kugonga herufi kwa kalamu ya mdomoni ilihesabiwa kama kutofanya lolote. Ufadhili wa utafiti nao ulikuwa na tatizo kama hilo. Angekuwa anauza tiketi za sinema kwa mshahara, angelindwa. Kwa kuandika, hapana.

Sisi tunaoishi kwa malipo ya vipande vipande tunaielewa hii bila kuelezwa. Leo umelipwa makala, miezi miwili kimya, kisha zinaingia tatu kwa mpigo. Mifumo ya serikali, hapa na kule, imejengwa kwa mtu wa payslip ya kila tarehe 30. Asiyekuwa na payslip anaonekana ama hana kazi, ama anaficha.

Longmore alikuwa ameandika barua, ameongea na wabunge, amepitia maafisa ngazi kwa ngazi. Moto ulikuja baada ya hayo yote. Na ulisaidia: mwaka 1990 sheria ilibadilishwa, mrabaha wa vitabu ukahesabiwa kuwa kipato cha kazi. Wenzake wakayaita mabadiliko hayo kwa jina lake. Yeye alienda kufundisha San Francisco State University mwaka 1992, akaanzisha taasisi ya masomo ya ulemavu, akafariki 2010. Suala la ufadhili wa utafiti halikutatuliwa na mabadiliko yale.

Hakuwa wa kwanza kuambiwa hawezi na kisha akaonyesha. Ed Roberts, ambaye pia polio ilimpooza akaishi kwa mashine ya pafu la chuma, aliwahi kukataliwa na idara ya urekebishaji ya California kwa hoja kwamba ulemavu wake ni mkubwa mno kuweza kuajiriwa. Mwaka 1975 gavana Jerry Brown alimteua kuwa mkurugenzi wa idara hiyo hiyo. Hadithi tamu, na watu huisimulia sana. Lakini mfumo mzuri hauwezi kutegemea kila mtu awe Ed Roberts. Wengi wanaouhitaji ni watu wa kawaida wanaotaka masaa kumi na tano kwa wiki kwenye duka la vitabu, siku ambazo maumivu yamewaachilia.

Na hao ndio ukuta unawapiga zaidi. Kwa bima ile ya 1956, baada ya miezi ya majaribio, kikomo cha 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi. Ukipata 1,620, ulibaki na malipo yako yote. Ukipata 1,621, mwezi huo hukupata kitu. Dola moja. Kwa asiyeona kikomo cha mwaka huo kilikuwa 2,700, kwa sababu vyama vya wasioona vilipigania kiwango chao miaka mingi. Tofauti hiyo ni ya siasa, si ya tiba. Basi watu hufanya kilicho cha busara: wanakataa saa za ziada, wanakataa kupandishwa cheo, wanamwomba bosi asiwaongeze mshahara. Kisha mtu wa televisheni anasema wamezoea kulishwa.

Na sisi

Kenya haina bima ya namna hiyo kwa wananchi wote. Tunacho kitu kichanga. Tangu 2011 kuna programu ya pesa taslimu kwa watu wenye ulemavu mkubwa, siku hizi chini ya Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi. Inalenga nyumba maskini kabisa, zenye mtu ambaye ulemavu wake unahitaji aangaliwe na mwingine wakati wote. Na upande wa pili kabisa wa ngazi kuna msamaha wa kodi: mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kuidhinishwa halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi.

Weka hizo mbili kando kwa kando. Moja ni ya mtu ambaye serikali imeshaamua hawezi kitu. Nyingine ni ya mtu mwenye ajira nzuri. Katikati yao ndipo Wakenya wengi wenye ulemavu wanaishi: mshona viatu wa stendi, dada wa M-Pesa mwenye magongo, kijana wa kazi za mtandaoni ambaye mgongo unamruhusu masaa manne kwa siku. Hawa si wa shilingi 2,000, na msamaha wa kodi hauwasaidii kwa sababu hawana kipato cha kutozwa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inaiagiza serikali kutoa hifadhi ya jamii kwa watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Ni ahadi nzuri. Lakini yasome hayo maneno tena baada ya historia hii yote. Wasioweza kujikimu. Mbegu ni ile ile ya 1956, na kabla yake ya 1834. Inategemea tutaipanda vipi.

Tuseme yule kijana wa mtandaoni yuko kwenye programu, na mama yake ndiye anayemhudumia. Mwezi huu ametafsiri video na kupata shilingi 6,000. Je, bado ni mtu "asiyeweza"? Kiti chake cha magurudumu bado kinahitaji tairi. Katheta bado zinanunuliwa. Mama bado hawezi kwenda kibarua kwa sababu lazima awe karibu. Programu yetu hailipi kwa ngazi, haina nusu wala robo: uko ndani au uko nje. Kiasi kikiwa 2,000 tu ni rahisi kusema hilo halina maana. Siku kikiwa 10,000 na kimefungwa pamoja na bima ya afya, litakuwa na maana kubwa sana, na wakati huo ukuta utakuwa umeshajengwa.

Kuna nchi zilizojaribu kutenganisha mambo. Uingereza, ile ile ya nyumba za kazi, ilianza mwaka 1992 kulipa posho ya kugharamia ulemavu wenyewe, ambayo tangu 2013 imekuwa ikibadilishwa kuwa malipo yanayoitwa PIP. Malipo hayo hayaulizi kama umeajiriwa. Yana kasoro zake, na ukaguzi wake umewaliza wengi, lakini wazo la msingi ni lile la mguu wa askari: gharama ya kuwa na mwili huu ni jambo moja, kukosa kipato ni jambo lingine. La kwanza lilipwe hata mtu akipata kazi. La pili lipungue polepole kadiri anavyopata.

Kenya imepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2025, na kanuni na bajeti zitaandikwa na watu wenye kalamu na haraka. Watauliza nani anastahili, maana ndilo swali rahisi kuandikia fomu. Anayekaa kwenye kikao hicho aulize pia hili: mtu huyu akipata kibarua Jumatatu, Ijumaa atakuwa amepoteza nini? Kama jibu ni "kila kitu", fomu hiyo haijaisha kuandikwa.